Jibu Liko Ndani, Linavaa Nguo

Miaka kumi na minne nimeuza vitenge mlango wa pili kutoka cherehani ya Dauda hapa Gisenyi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniomba kitu. Sizungumzii mambo makubwa. Nazungumzia kiberiti, kiti, au kumwangalizia duka akienda kuswali. Siku moja mkasi wake uliteleza ukaingia chini ya meza yangu, akakaa saa nzima akikata nyuzi kwa meno, akingoja niende kula ili auchukue mwenyewe. Siku nyingine ya mvua, na mvua ya huku si ya mchezo, alisimama chini ya upenu mpaka ikakaribia magharibi, na mwavuli wangu ukining'inia mbele ya pua yake. Nilikuwa namtazama. Nilikuwa nimeapa kwamba simwambii "chukua" mpaka afungue kinywa. Mimi ndiye niliyeshindwa. Kesho yake akaurudisha umekauka, umekunjwa vizuri, na pale kitambaa kilipokuwa kimeachia amepashona upya.

Alikuwa mwanamume wa miaka sitini na kitu, amefiwa na mke, mtoto wa familia ya Kiislamu iliyouza nguo mjini hapa tangu babu yake. Mtoto wake mmoja tu, Igihozo, ameolewa Kampala. Yeye mwenyewe aliishi peke yake kule Nengo, akija kazini kwa miguu, na pikipiki za abiria zikimpita.

Kuombwa, aliombwa na mji mzima. Dauda nifupishie suruali ya mtoto, nitapita kesho kukulipa. Dauda nipachikie zipu hii, niko haraka. Hakumkatalia mtu, na wengi wa hao kesho yao haijafika hadi leo. Hapo ndipo nilipomfundisha neno moja. Mimi nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, kabla wazazi wangu hawajarudi Rwanda, na kule shuleni tulisoma Kiswahili chenye neno kwa kila aina ya aibu. Nikamwambia, "Kaka Dauda, wewe unaona muhali. Ndivyo anavyosemwa mtu anayeshindwa kumkatalia mwenzake."

Alilipenda. Akalirudia chinichini huku mguu wake ukikanyaga cherehani, kisha akauliza, "Na ule mwenye anashindwa kuomba? Yeye anaona nini?"

Nikapekua Kiswahili changu chote cha shule. Sikuwa na neno.

"Iko na jina," akasema Anastase. "Ni kiburi."

Anastase alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mkazi wa Rugerero, rafiki wa Dauda tangu ujana. Karibu kila alasiri alishuka mjini kuketi barazani petu, akinywa chai yangu na kusoma gazeti la mtu mwingine. Alisema neno hilo la kiburi kwa kucheka, na Dauda naye akacheka, basi likapita.

Lakini mimi swali lilinikaa. Nikajaribu neno haya, nikajaribu soni. Nikamjaribia isoni ya Kinyarwanda, akasema hiyo ni ya watoto wanaojificha nyuma ya mama mgeni akiingia. Mteja mmoja wa Goma, mwanamke anayevuka mpaka kila asubuhi, alisema wao wanaita gêne, kwa Kifaransa. Dauda akatikisa kichwa. "Gêne ni ya kiatu yenye kubana. Unaivua, inaisha."

Na neno haya halikumfaa kwa sababu nyingine, ambayo Gisenyi nzima inaijua. Dauda ndiye aliyekuwa mwombaji wetu mkuu. Kijana akitaka kuoa, kwetu kuna siku ya gusaba, siku ambayo upande wa mume huenda kwa wazazi wa msichana kumwomba mbele ya watu. Baba wa kijana haongei. Anayeongea ni msemaji aliyechaguliwa kwa ulimi wake, na upande wa pili nao wana msemaji wao, ambaye kazi yake ni kukataa. Anakataa kwa mizaha: nyumba hii haina msichana wa jina hilo, babu yenu alituibia mbuzi, rudini mkajifunze adabu. Kila mtu anajua kwamba mwisho watamtoa, maana hema limejengwa na nyama imeiva. Hata hivyo ni lazima uombe mpaka jasho likutoke. Kwa miaka ishirini, familia iliyotaka mchezo mzuri ilimchukua Dauda aombe na Anastase akatae. Watu walikuja bila kualikwa ili kuwasikiliza hao wawili tu.

Nilimuuliza inakuwaje mtu asiyeweza kuomba kiberiti asimame mbele ya watu mia nne aombe binti ya mtu. Alifikiri kidogo, akaweka kitambaa chini.

"Mama Belyse, kule mi naomba kwa mutu mwingine. Na jibu iko ndani ya nyumba tayari, inavaa nguo."

Mwaka huu, mwezi wa pili, niligundua kwamba haoni. Nasema niligundua kwa sababu alificha kama anavyoficha mtu wizi. Alikuwa hatungi tena uzi kwenye sindano. Uzi ukikaribia kwisha, alifunga ncha ya uzi mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, akavuta taratibu mpaka fundo likapita tunduni. Hilo mafundi wengi wanalijua. Lakini uzi ukikatika palepale kwenye sindano, Dauda alifunika cherehani na kwenda nyumbani, hata kama ni saa nne asubuhi. Mara ya tatu nilipoona hivyo nilikwenda nikautunga uzi ule mimi, bila kuulizwa, nikamwambia, "Kaka, twende kwa daktari wa macho au nipige kelele hapa barabarani."

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki na mwanga tu. Daktari akasema wataanza na la kulia, atalazwa siku mbili, na baada ya hapo ataona kama zamani. Sharti lilikuwa moja: aje na mtu wa kumwangalia, garde-malade kama tunavyosema huku, wa kumshika mkono, kumletea chakula na kulala karibu naye. Asiye na mtu halazwi.

Ungesema ni jambo dogo. Dauda aliliona kama mlima. Igihozo alikuwa na mtoto mchanga wa wiki tatu, asingemwambia. Msikitini wangemsaidia siku hiyohiyo, lakini angetangazwa baada ya sala ya Ijumaa na msikiti mzima ungekuja na uji, naye akasema heri upofu. Mimi sikufaa, kwa sababu wodi ni ya wanaume, na mimi ni mjane na yeye ni mgane, na midomo ya mji huu haina likizo. Alikuwa amekwisha amua kuacha. Ndiyo, kuacha macho yaende.

Nami ndiye niliyemsukuma. Hilo nataka lijulikane. Wiki nzima nilimsema. "Una rafiki wa miaka arobaini. Mwombe. Utakufa ukiomba mara moja?"

Jumatatu alasiri Anastase alipoketi, niliingia ndani nikajifanya nakunja vitenge. Dauda alianza na habari za mvua, akaenda kwenye bei ya viazi Busasamana, akarudi kwenye mvua. Mashine ilisimama. Nilisikia anavyopumua.

"Muzee Anastase, mi niko na shida moja. Sitaki kukusumbua. Ukiona ni nguvu, uache, hakuna mubaya." Kisha akayasema yote: macho, hospitali, siku mbili. "Siko na mutu mwingine. Nakuomba."

Nilisimama na kitenge mkononi. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nalingoja neno hilo, na halikunifurahisha nilivyodhani. Sauti aliyolisemea haikuwa ile ya kwenye sherehe. Ilikuwa nyembamba.

"Njo hiyo tu?" Anastase akasema. "Dauda, mi nilifikiri umeua mutu. Nitakuya. Jumatano ya wiki ingine tutakuwa wote, nitakulisha na uji."

"Na tafadhali usimwambie mutu. Kazi yangu ni macho."

"Nani? Mimi? Bon, imeisha."

Alipoondoka, Dauda alikaa mikono mapajani. Nikatoka nikamuuliza, umeona sasa, umekufa? Alitabasamu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. Jioni ile alinisimulia mambo ya mke wake kwa mara ya kwanza.

Jumamosi kulikuwa na gusaba ya Keza, binti wa familia moja ya Rugerero. Shangazi zake walinunua mishanana yao, mavazi yetu ya sherehe, kwangu na kushonewa blauzi na Dauda, kwa hiyo nilialikwa. Hema jeupe, viti vimefunikwa, wageni wa Kigali wenye viatu vya bei, na kijana wa video akizungukazunguka. Dauda alikaa mbele upande wa mume, kofia yake safi, chupa ya Fanta kwenye meza ndogo mbele yake, maana yeye bia hagusi. Anastase alikaa mkabala. Nilimwona amevaa koti jipya.

Dauda aliomba vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Sauti ilitoka kama maji ya bomba jipya. Alisifu nyumba, akasifu ng'ombe ambao hawakuwepo, akamfanya bibi wa Keza afute machozi. Anastase alipojibu, mizaha yake ilikuwa ya mwaka jana, ileile ya mbuzi aliyeibwa. Watu wakacheka kwa adabu tu. Wageni wa Kigali wakaanza kutazama simu zao. Nikamwona anageuza kichwa, anatazama kamera, anamtazama Dauda.

"Ndugu zangu," akasema kwa Kinyarwanda, taratibu, "mnamjua huyu aliyekuja kutuomba? Jumatatu alikuja kwangu kuniomba mimi nimshike mkono hospitalini na kumlisha uji, kwa sababu macho yake yamekwisha, hata sindano haioni. Leo anatuomba msichana. Niambieni, mtu asiyeona, huyu Keza amemwona wapi?"

Hema lilipasuka kwa kicheko. Watu walipiga makofi mapajani. Wale wa Kigali waliinua simu kurekodi. Shangazi mmoja wa Keza, kando yangu, alicheka mpaka akanishika bega, kisha nikaona anaangalia mshono wa blauzi yake.

Dauda alikuwa ameelekeza uso pale sauti ilikotoka. Wote walidhani anatafuta jibu. Mimi nilijua kwamba jibu hakulitafuta. Alikuwa anajiuliza kama amesikia sawasawa. Lakini kijana wa watu alikuwa ameketi nyuma yake kwa suti ya kukodi, anataka mke, na msemaji hawezi kuondoka mchezo ukiwa katikati. Akasimama.

"Ni kweli," akasema, na sauti yake haikutetemeka. "Macho yangu yamekwisha, nami nilimwomba huyu bwana anishike mkono, naye akakubali. Ndiyo maana leo nimekuja na kijana mwenye macho mazuri. Amemwona Keza yeye mwenyewe. Mimi nimebaki na ulimi tu, na kwa ulimi huu namwomba."

Wakashangilia mpaka mwisho wa hema. Keza akatolewa, amependeza, na vigelegele vikapigwa. Dauda akakaa, akanyoosha mkono kuchukua Fanta, akaikosa, chupa ikaanguka ikamwagika miguuni pake. Wakacheka tena. Walidhani hiyo nayo ni sehemu ya mchezo.

Nilimfuata Anastase nyuma ya hema, kwenye masufuria. Nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu.

"Mwalimu, ulimwahidi."

"Mama Belyse, ile ni muchezo. Pale kila kitu ni muchezo, na yeye anajua. Umeona vile watu walifurahi ao hukuona?" Alikuwa bado anatabasamu, anapungia watu mkono juu ya bega langu.

"Na Jumatano?"

"Jumatano niko pamoja naye. Nilishatoa neno yangu."

Jumatatu, kabla sijafungua hata kufuli la pili, wanawake wawili walikuwa mlangoni kwa Dauda. Mmoja alisema amebadili mawazo kuhusu gauni, mwingine kwamba dada yake wa Goma atamshonea. Walichukua vitambaa vyao. Mchana akaja wa tatu, wa kwaya, akachukua vipande kumi na viwili. Dauda aliwakunjia mwenyewe, akawatilia kwenye mfuko, akawaambia karibuni tena. Anastase hakushuka mjini siku hiyo, wala Jumanne.

Nilimwambia Dauda nitakwenda naye hospitalini mimi, na mji useme utakavyo. "Hapana, Mama Belyse. Kuko mutu," akasema. Nikamuuliza mtu gani, yule? Akashughulika kufuta cherehani ambayo haikuwa na vumbi.

Jumatano asubuhi alikwenda peke yake. Nilikuja kuambiwa baadaye na nesi kwamba alipoulizwa garde-malade wake yuko wapi, alijibu kwamba yuko njiani. Kwa kuwa ni mzee na anaongea vizuri, wakamwamini, wakampasua jicho.

Mimi saa saba mchana nilipigiwa simu. Nyuma ya sauti ya Anastase kulikuwa na muziki na watu wengi. "Mama Belyse, bon, nimepata kazi huku Musanze. Wameona ile video, wamenitafuta mimi. Umwambie Dauda nitapita kesho, ao kesho kutwa. Umupe pole."

"Mwambie mwenyewe."

"Simu yake haipatikani," akasema, akakata.

Nilifunga duka. Nikapika uji, nikatia kwenye chupa ya chai, nikapanda pikipiki mpaka hospitali. Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda nane, na kando ya kila kitanda mtu ameketi kwenye mkeka au kwenye ndoo iliyopinduliwa: mke, mtoto, ndugu. Kando ya kitanda cha Dauda palikuwa na sakafu tu. Jicho la kulia lilikuwa limefungwa bandeji, la kushoto limefunguka linatazama dari bila kuona. Alikuwa ameacha nafasi pembeni ya kitanda, amejibana upande wa ukuta, ili mtu akija akae.

Nilikuwa nimevaa ndala ngumu, zinagonga. Alisikia hatua zinakaribia, zinasimama. Akainua kichwa kwenye mto.

"Anastase?"

Nimesikia maneno mengi ya kuumiza maishani mwangu. Hilo jina, lilivyosemwa pale, ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwa sababu lilikuwa na furaha ndani yake.

"Si yeye, kaka. Ni mimi, Mama Belyse. Yeye yuko Musanze, kwenye gusaba. Anasema atapita kesho au kesho kutwa."

Akarudisha kichwa polepole. Nilimimina uji, nikamwekea kikombe mkononi, akakishika bila kunywa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia upande mwingine kwa heshima.

"Lile neno," Dauda akasema. "Lile ulikuwa unatafuta. Ni kungoja. Mi siogopi kuomba, Mama Belyse. Mutu akikukatalia, unarudi nyumbani, unalala. Mi naogopa kungoja. Nikishaomba, siwezi tena kuacha kungoja." Akageuza kikombe mkononi. "Hata saa hii."

Nesi akapita na daftari, akauliza kwa Kinyarwanda kama yule wa njiani amefika. Nikasema ni mimi. Akanitazama, akaitazama wodi ya wanaume, akaandika.

"Sikukuomba," Dauda akasema.

"Najua hukuniomba. Kunywa uji."

Akanywa. Nikakaa pale pembeni alipokuwa ameacha nafasi, na alasiri ikaendelea, watu wakiingia na kutoka na vyombo vya chakula. Kila viatu vilipolia kwenye korido, aligeuza kichwa kuelekea mlangoni, akasikiliza mpaka vikapita.